Kupita Salama Penye Ng'ombe

Ng'ombe jike wa kienyeji ana uzito wa kilo 200 hadi 300 hivi, na fahali wa Friesian aliyekomaa hukaribia tani moja. Mnyama wa uzito huo si lazima awe na hasira ndipo aumize mtu. Akigeuka ghafla zizini na kumbana mtu ukutani, mbavu huvunjika, naye akaendelea kucheua.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake na kipande kidogo mbele ya pua. Anayemjia kimya kutoka mkiani humshtua, na jibu lake huwa teke. Tena teke la ng'ombe halinyooki nyuma kama la punda: mguu hutangulia mbele, ukazunguka pembeni, ndipo ukarudi nyuma. Kwa hiyo ubavuni karibu na paja nako si salama. Afadhali begani, na kumsemesha kwanza kabla ya kumgusa, kama wafanyavyo wakamuaji. Kwa ng'ombe wa aina ya Ankole, wenye pembe ndefu, hata bega limo ndani ya mzunguko wa pembe.

Mwenye ndama mchanga ni wa kuogopwa kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kwanza ndama hulala amejificha majanini huku mama akila mbali kidogo, na mpita njia hujikuta katikati yao bila kujua. Mbwa huzidisha hatari. Kundi likimkimbiza, yeye hukimbilia kwa bwana wake na kumletea vita isiyo yake. Kama amefungwa kamba, heri aachiwe. Mbwa ana mbio kuliko ng'ombe.

Fahali hutoa onyo kabla ya kushambulia. Husimama akitoa ubavu ili uonekane ukubwa wake, huinamisha kichwa, hukunja mgongo, huparua ardhi kwa kwato na kukoroma. Wa aina za maziwa ndio wakali zaidi. Nchini Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 1981 inakataza kuweka fahali wa aina hizo, wakiwemo Friesian, Ayrshire na Jersey, aliyezidi miezi 10 katika malisho yanayopitwa na njia ya umma. Aina hizo hizo zinafugwa Kilimanjaro na Kiambu, mara nyingi uani karibu na watoto. Dume aliyelelewa peke yake kwa mkono haaminiki hata kidogo: akibalehe humwona mtu kama dume mwenzake wa kushindana naye.

Akishatoa onyo, kumpa mgongo na kukimbia ni kosa. Mtu arudi nyuma polepole, macho yakiwa kwa mnyama, akielekea kwenye uzio au mti. Fimbo inyooshwe mbele kumzuia. Kumchapa fahali aliyekwisha kupandwa na hasira ni kumchokoza.

Barabarani, dereva apunguze mwendo aonapo ng'ombe mmoja anavuka, kwa sababu wenzake watamfuata, na asipige honi katikati ya kundi. Anayetembea kwa miguu apite kando, kisha amsalimu mchungaji na kumuuliza yupi mkali. Mchungaji anamjua kila mmoja kwa rangi na tabia, na ataonyesha njia ya kupita.