KUINUA JIPE: SANTIMETRE NGAPI ZINATOSHA?



Kila majira ya mvua swali linarudi pale kiwanjani: jipe inayopeleka wagonjwa Bunia inakwama ovyo, mbona hawaiinue juu sana kama zile za kwenye picha? Mimi pia nilisema vile. Kisha siku moja nililala chini ya jipe pamoja na fundi, nikaona nilikuwa ninasema tu.

Tuanze na barabara. Makamyo ya kwenda Mahagi yako na mapine makubwa. Yanachimba mifereji miwili ndani ya potopoto, katikati inabaki tuta. Jipe ikiingia mle, tumbo la ponti linalala juu ya tuta na magurudumu yanazunguka bure. Sasa, sikilizeni vizuri: ponti inabebwa na magurudumu, si na resori. Ukiweka resori ndefu, bodi inapanda, lakini tumbo la ponti linabaki palepale! Pine peke yake ndiyo inaliinua, tena kwa nusu: pine ikizidi ya zamani kwa santimetre 4 za kipenyo, ponti inapanda 2 tu.

Basi resori inasaidia nini? Inaweka tanki mbali na mawe, pua ya gari haigongi ukingo wa mtaro, na gurudumu linapata nafasi ya kupanda pasipo kukwaruza bodi. Na mara nyingi gari halihitaji hata kuinuliwa. Resori zake zimechoka kwa kubeba watu, magodoro na bidoni, nyuma imelala. Resori mpya zenye nguvu ya kutosha mzigo ule zinairudisha mahali pake.

Hapa waalimu wa fizika watafurahi. Tuseme kati ya gurudumu la kushoto na la kuume kuna metre 1,5, na kitovu cha uzito kiko metre 0,75 juu ya udongo. Gari lililosimama litapinduka likiinama digrii 45. Ongeza santimetre 5, inakuwa karibu 43. Ongeza 15, inakuwa 40. Na hiyo ni pasipo mwendo, pasipo kona, pasipo mizigo juu ya paa! Kwenye milima yetu, barabara ikiteleza upande wa bonde na mama mjamzito amelala nyuma, digrii zile tano si mchezo.

Kwa hiyo fundi alisema santimetre 5, asipite. Lakini namna ya kuzipata nayo ina maneno. Kuna watu wanaoweka kipande cha chuma kati ya ponti ya mbele na resori: hapana, kabisa. Kuna wanaorefusha vishikizo vya resori. Pembe ya ponti inageuka, na volani inaweza kuanza kutangatanga. Wengine wanaongeza kibamba kimoja kinene, kisha gari tupu linaruka sawa mbuzi na mgonjwa analia njia nzima. Afadhali kununua resori kamili pamoja na amortisere zenye urefu wake. Amortisere ikiwa fupi, ndiyo inazuia ponti kushuka, nayo itakatika. Gari likiinuliwa na kriki, acha gurudumu lining'inie, uangalie kama mpira wa freni haujavutwa.

Tena, ujue kwanza gari ni la aina gani. Land Rover One Ten ya 1983 ilikuja na resori za kuzunguka mbele na nyuma, wakati Land Cruiser ya muda mrefu, tangu 1999, iko na za kuzunguka mbele na za vibamba nyuma. Usinunue za mbele na nyuma kwa kukisia.

Kabla ya kufungua bulo hata moja, fundi alipima toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, pande zote nne, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Aliandika kwa chaki mlangoni. Na kwa lile tuta la katikati? Nyuma ya kiti aliacha koleo mbili na jembe.