Mbizi za Majira ya Baridi: Bahari Isiyolala (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi vali ya kupumulia ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan, ya mwaka 1943, ilivyomwezesha mtu kuzamia na mtungi wake mgongoni bila kufungwa kwenye mpira wa hewa unaotoka chomboni. Leo tuulize azamie lini. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea maji ya nyuzi 25 na zaidi, ana haki ya kudhani kwamba viumbe vya baharini hufuata joto, na kwamba anayejitosa mwezi wa Januari katika bahari za kaskazini anatafuta adha tu. Ushahidi unasema vingine: kwa mtu anayetaka kuwaona wanyama wenyewe, na jinsi wanavyoishi, majira ya baridi mara nyingi ndiyo msimu bora.

Chukua Puget Sound, mkono wa bahari uliochongwa na barafu ya kale katika jimbo la Washington, Marekani. Wakati wa baridi maji yake huwa na nyuzi 8 hivi. Kiangazi, ukishapita tabaka la juu, hayazidi sana 12 au 13. Kwa samaki aishiye mita 20 chini, Januari na Julai hazipishani hata kwa kiasi ambacho asubuhi na adhuhuri hupishana kwa mbuzi wa Dodoma. Kinachobadilika hasa ni mwanga. Siku za kiangazi zikirefuka, planktoni, vile vimea vidogo vinavyoelea, huzaana hata maji yakawa kijani kizito, na mzamiaji huweza kushindwa kuona zaidi ya mita chache mbele yake. Jua linapofifia kuanzia Novemba, vimea hivyo hupungua na maji hutakata, isipokuwa karibu na midomo ya mito, ambako mvua za majira hayo huleta tope.

Hapo mpinzani makini atasema kwamba maji kutakata ni dalili ya njaa, kwa kuwa planktoni ndiyo mwanzo wa chakula chote. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito kuliko ile ya kuogopa baridi. Lakini wenye njaa hawahami wote, na wapo waliouchagua msimu huu kwa uzazi. Lingkodi, samaki mkubwa mwenye meno makali, hutaga kati ya Desemba na Machi. Jike hubandika bonge jeupe la mayai katika ufa wa mwamba kisha huenda zake. Dume hubaki akililinda kwa wiki kadhaa, na hutokea akamshambulia hata mzamiaji anayelisogelea. Mchezo huo hauonekani Julai, maji yawe safi namna gani. Pweza mkubwa wa Pasifiki naye huonyesha kazi ya baridi kwa namna nyingine: mama hulinda makumi ya maelfu ya mayai kwa miezi sita au zaidi bila kula, kisha hufa. Mayai ya pweza wa miamba yetu, kwenye maji ya moto, huanguliwa kwa takriban mwezi mmoja tu.

Wengine watatukumbusha kwamba matumbawe ya Mafia au Pemba yana aina nyingi zaidi za samaki, na hakuna wa kubisha. Ila wingi wa aina si wingi wa uhai. Maji ya buluu ya tropiki hutakata mwaka mzima kwa sababu mara nyingi yana virutubisho vichache, ilhali mikondo mikali ya Puget Sound huvichota kutoka chini na kulisha anemoni weupe waliotanda juu ya miamba. Tena maji baridi hubeba oksijeni zaidi: lita moja ya maji ya bahari ya nyuzi 10 huweza kuchukua miligramu 9 hivi, ya nyuzi 28 kama 6 na nusu.

Hatari ipo. Maji huupokonya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, vidole hufa ganzi, na vali isiyotengenezwa kwa baridi huweza kuganda na kumwaga hewa ovyo. Ndiyo maana wazamiaji wa huko huvaa suti isiyopitisha maji juu ya nguo nzito, na hupata mafunzo yake maalumu. Haya ni masharti ya kazi, kama mvuvi asivyotoka bila kuangalia upepo.

Linalobaki ni usumbufu kwa wanyama wenyewe, na hapa wazamiaji wana la kujitetea. Oktoba 2012 kijana mmoja alimtoa pweza mkubwa kwenye eneo la mbizi la Seattle Magharibi. Sheria ilimruhusu, lakini wazamiaji waliozoea kuwatazama pweza hao walikuja juu, na mwaka 2013 jimbo likapiga marufuku kuwavua katika maeneo saba.