Athari za magonjwa sugu ya mapafu kwa moyo

Athari za magonjwa sugu ya mapafu kwa moyo ni mabadiliko yanayoupata moyo, hasa upande wake wa kulia, kutokana na mapafu kuharibika kwa muda mrefu. Ventrikali ya kulia ikinenepa kuta au kutanuka kwa sababu hiyo, hali hiyo huitwa kwa Kilatini *cor pulmonale*, maana yake "moyo wa mapafu".

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa huishiwa pumzi akipanda ngazi au akibeba ndoo ya maji kwa sababu ya mapafu peke yake. Kwa kweli uwezo wa kufanya kazi ya mwili hutegemea mapafu, moyo, damu na misuli kwa pamoja.

Magonjwa yanayohusika

Ugonjwa mkuu wa kundi hili ni ule wa kuziba njia za hewa, unaosababishwa hasa na uvutaji wa tumbaku, pamoja na moshi wa kuni, mkaa au samadi katika majiko yasiyopitisha hewa vizuri. Mengine ni makovu yanayobaki mapafuni baada ya kifua kikuu kupona, madhara ya vumbi la migodini, na magonjwa yanayokakamaza mapafu.

Jinsi moyo unavyoathirika

Ventrikali ya kushoto husukuma damu mwilini kote kwa shinikizo la wastani la milimita 90 hivi za zebaki. Ventrikali ya kulia husukuma kiasi kilekile cha damu kwenda mapafuni, lakini huko shinikizo la wastani ni milimita 14 hivi tu. Ndiyo maana ukuta wake ni mwembamba: haukuumbwa kwa kazi nzito.

Mwaka 1946 wanasayansi Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Uswidi walionyesha, kwa majaribio juu ya paka, kwamba shinikizo katika ateri ya mapafu hupanda mnyama anapovuta hewa yenye oksijeni kidogo. Katika sehemu nyingine za mwili mishipa hutanuka oksijeni inapopungua, lakini mapafuni hubana. Jambo hilo lina faida ikiwa sehemu ndogo tu ya pafu imeziba, kwa kuwa damu huelekezwa kwenye sehemu zenye hewa nzuri. Upungufu ukienea katika mapafu yote, mishipa hubana kila mahali na moyo hupata mzigo.

Mzigo huo huongezwa na mambo mawili. Kwanza, vifuko vya hewa vinapoharibika, kapilari zake hupotea pia. Pili, figo hutambua upungufu wa oksijeni na kutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu, hata damu ikawa nzito.

Shinikizo la wastani katika ateri ya mapafu likizidi milimita 20 wakati wa kupumzika, huhesabiwa kuwa la juu. Haliwezi kupimwa kwa kifaa cha kawaida kinachofungwa mkononi. Moyo ukianza kushindwa, miguu huvimba, mishipa ya shingo hujaa na ini hukua.

Wakati wa mazoezi

Kwa mtu mzima mwenye afya, moyo husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika akiwa ametulia, na unaweza kuongeza kiasi hicho mara tatu au zaidi akifanya kazi ngumu. Mishipa ya mapafu hutanuka kuipokea. Kwa mgonjwa, mishipa iliyobaki haitanuki vya kutosha, hivyo shinikizo hupanda upesi.

Tena, mirija ya hewa ikiwa myembamba, kutoa pumzi huchukua muda mrefu. Anapopumua haraka, mgonjwa huvuta pumzi mpya kabla hajamaliza kutoa ile ya kwanza. Hewa hujilimbikiza kifuani, nafasi ya moyo hubanwa, na damu inayorudi moyoni hupungua.

Hatimaye kuna misuli. Kwa kuogopa kuishiwa pumzi, mgonjwa huacha kutembea, miguu hudhoofika, na misuli dhaifu hutoa asidi laktiki mapema, jambo linalolazimisha apumue zaidi. Hivyo mapumziko anayoyaona kuwa kinga humpunguzia nguvu.

Vipimo

Spirometa hupima hewa inayotolewa na mapafu, na ultrasaundi huonyesha ukubwa na kazi ya ventrikali ya kulia. Uwezo wa mwili hupimwa kwa njia rahisi: mgonjwa hutembea kwa dakika 6 kwenye njia iliyonyooka ya mita 30, kisha umbali wote huandikwa pamoja na mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni.

Tiba na mazoezi

Hatua ya kwanza ni kuacha tumbaku na kuepuka moshi. Kwa wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa oksijeni, tafiti za Marekani na Uingereza za miaka 1980 na 1981 zilionyesha kwamba kupewa oksijeni kwa saa 15 au zaidi kila siku hurefusha maisha.

Mazoezi yanayosimamiwa na wataalamu, kwa kawaida mara 2 au 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 6 hadi 12, huimarisha misuli na kupunguza kuhema, ingawa hayaponyi mapafu yenyewe. Hayahitaji mitambo ya gharama: kutembea, kupanda ngazi na kunyanyua vitu vyepesi vinatosha. Mjini Kampala, Uganda, mpango wa wiki 6 kwa watu waliobaki na madhara ya kifua kikuu ulionyesha kwamba uwezo wao wa kutembea uliongezeka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017.

Mgonjwa anapaswa kupimwa kabla ya kuanza. Akipatwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai, anatakiwa kuacha mara moja na kumwona daktari.

Tazama pia

- Moyo
- Mapafu
- Kifua kikuu