Je, Wajua? Kiti cha Enzi cha Waswahili
Kiti cha enzi, yaani kiti cha heshima kilichowekwa katika nyumba za matajiri wa Lamu na visiwa jirani, hasa katika karne ya 19, ni miongoni mwa samani za Waswahili zilizobuniwa kwa ustadi mkubwa kabisa. Fremu yake ilitengenezwa kwa mpingo, mti mweusi ambao ugumu wake huitia butu patasi upesi, kisha ikatiwa njumu, yaani vipande vidogo vya pembe za ndovu au mifupa vilivyopachikwa katika mbao hadi vikawa sawasawa na uso wake, ilhali egemeo na kikalio vilijazwa nyuzi zilizosukwa kwa mkazo. Kwa kuwa egemeo lake ni refu na limesimama wima, ni dhahiri kwamba fundi hakukusudia mtu ajinyooshe humo, bali aonekane. Ndiyo maana kilikaliwa na mwenye cheo au mgeni mheshimiwa. Kuhusu asili ya umbo lake wataalamu hawajaafikiana, wengine wakitaja Misri ya Wamamluki, wengine India au Ureno. Makumbusho ya Lamu yamehifadhi mifano yake.