Kahawa Moja, Vitenzi Vitatu

Mpigie simu mkazi wa Skopje umuulize anafanya nini. Akijibu "Pijam kafe", ujue kikombe kiko mkononi. Siku nyingine muulize kama kawaida yake ni chai au kahawa, naye atajibu vilevile: "Pijam kafe". Kilichobadilika ni swali tu.

Kimasedonia, lugha ya Kislavi iliyosanifiwa mwaka 1945, kina wakati uliopo mmoja. Kiingereza kinamdai huyu mnywaji achague: "I am drinking" kwa kikombe cha sasa hivi, "I drink" kwa mazoea. Sisi taabu hiyo tunaielewa, kwani "ninakunywa kahawa" nayo hubeba maana zote mbili, ingawa tuna "hunywa" tukitaka kutaja mazoea peke yake.

Ungetegemea Mmasedonia awe na nafuu, maana vitenzi vyake vingi huenda viwili viwili. "Pie" ni kunywa. "Ispie" ni kunywa mpaka kumaliza. Lakini hapo ndipo anaponaswa. "Pie" ni la tendo linaloendelea na pia la tendo linalorudiwa, yaani mambo yaleyale mawili ambayo Kiingereza huyatenga. Akiambiwa kwamba "-ing" ndiyo "pie" yake, atasema "I am drinking coffee every morning", na kwa sarufi ya kwao hajakosea kitu.

Kuna kosa jingine ambalo walimu hulichoka upesi: "he drink", bila "s". Huitwa uzembe, nami sikubaliani. Tazama kitenzi hicho kinavyonyambuka: "pijam" mimi, "pieš" wewe, "pie" yeye, "pieme" sisi, "piete" ninyi, "pijat" wao. Nafsi zote zimevaa mwisho wake isipokuwa "yeye", aliyebaki mtupu. Tena lugha hii haina kitenzi-jina kama "kunywa" chetu, hivyo umbo hilo la "yeye" ndilo linaloandikwa kwenye kamusi. Kiingereza kimegeuza mambo: wengine wote watupu, "yeye" peke yake ndiye aliyevikwa "s". Mtoto aliyekua akisikia "yeye" bila kitu anahitaji muda, na anastahili kuelezwa sababu.

Halafu kuna miaka. "Tuka rabotam pet godini", nafanya kazi hapa mwaka wa tano sasa. Kwa kuwa kazi bado ipo, wakati uliopo unamtosha, na kwa Kiingereza hutoka "I work here five years" badala ya "I have been working". Cha ajabu, Kimasedonia kina hali timilifu inayoundwa kwa "imam", yaani "nina", kama "have" ya Waingereza, jambo lisilo la kawaida katika lugha sanifu za Kislavi. "Imam pieno" ni "nimewahi kunywa". Umbo linafanana, lakini kwa kazi ambayo mtu yumo bado, Mmasedonia hurudi kwenye "rabotam" tupu.

Ningekuwa mwalimu Skopje, nisingeanza na jedwali la nyakati za Kiingereza. Ningeandika "Pijam kafe" ubaoni, kisha niwaulize wanafunzi: kikombe kiko wapi?