Kamba, Maua na Mawe: Kutibu Majeraha ya Utotoni

Ukikaa na wazee wa Hamriya waliozaliwa Unguja, watakupa habari za Forodhani, za urojo, za mikarafuu na harusi za siku saba. Ya Januari 1964 huyasikii. Mtoto wa miaka 7 aliyeona baba yake akichukuliwa siku zile, leo anakaribia miaka 70. Wengi walifika Muscat baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi. Wakapata kazi, wakajenga, wakaoza watoto. Wako ambao bado huamka usiku wakitweta, na mlango ukigongwa kwa nguvu hunyamaza kimya.

Katika jengo hilohilo anaweza kuishi binti wa Tanga au Mbale anayefanya kazi za ndani, aliyezika mama yake akiwa darasa la tatu na kulelewa kwa viboko. Bibi yule na binti huyu hawajuani, ila dalili zao ni ndugu: jinamizi, kushtuka ovyo, hasira isiyo na sababu, kichwa kuuma na vipimo vyote vikitoka salama.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu una tiba, na mojawapo ilijaribiwa kwetu Afrika Mashariki. Wataalamu Wajerumani Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert waliandaa tiba ya kusimulia maisha. Kamba hulazwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa kwako. Kwa kila jambo jema unaweka ua, kwa kila baya unaweka jiwe. Vikao vinavyofuata mnalipitia jiwe moja baada ya jingine, polepole: uliona nini, ulisikia harufu gani, mwili ulifanyaje, na sasa uko wapi. Mshauri anaandika, na kikao kijacho anakusomea ili urekebishe. Kumbukumbu iliyokuwa ikikuvamia wakati wowote inapata mwaka wake na mahali pake. Maua nayo si mapambo. Mtu aliyezoea kuhesabu mawe tu hushangaa kuyaona.

Kaskazini mwa Uganda, vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari wakiwa watoto walishiriki utafiti wa tiba hii uliochapishwa mwaka 2011. Vikao vilikuwa 8, vikiendeshwa na wenyeji waliopewa mafunzo, wala si madaktari, na waliosimulia walipata nafuu kuliko wenzao. Bungoma na Moshi, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa katika utafiti wa tiba nyingine ya mazungumzo, matokeo yakatoka mwaka 2020. Nako washauri walikuwa watu wa hapohapo.

Hilo ndilo la kutufikirisha sisi wa ughaibuni: lugha. Bibi anaweza kununua samaki kwa Kiarabu, lakini alilia kwa Kiswahili, na jiwe lake liko katika Kiswahili. Omba mkalimani mtu mzima asiye wa ukoo. Usimfanye mjukuu wa miaka 12 akalimani mambo ya kuuawa babu yake. Utakuwa umempa naye jiwe.

Usijaribu kamba hii sebuleni bila mtaalamu, wala usimlazimishe mtu kueleza yote siku moja. Dua na kisomo viendelee, havigombani na daktari. Na aliye bado mikononi mwa anayempiga au aliyemnyang'anya pasi, kwanza atolewe hapo. Watanzania wana ubalozi wao hapa Muscat.

Pa kuanzia ni kituo cha afya unachotibiwa siku zote, uombe barua ya rufaa. Hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili ni Al Masarra, iko Amerat, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos nayo ina idara yake. Siku ya kwanza si lazima utaje tukio lolote. Sema hulali, tangu lini, na lugha unayotaka kuzungumza.