Kwa Nini Dawa Imsaidie Huyu, Imshinde Yule?

Watu wawili wana saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Wote wanapewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Mmoja uvimbe unapungua, mwenzake hapati nafuu. Je, ni bahati tu?

Hapana. Dawa hizi haziui saratani zenyewe. Huondoa breki inayowazuia askari wa mwili kupigana. Lakini askari ni lazima wamtambue adui. Chembe ya mwili ikigawanyika, hunakili maagizo yake ya urithi, na kuna "fundi" wa kusahihisha makosa. Katika saratani nyingine fundi huyo ameharibika. Makosa yanarundikana, chembe zinatoa protini ngeni, na askari wanazigundua. Saratani yenye makosa machache hujificha kama mwizi aliyevaa sare ya polisi.

Ndiyo sababu mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab kwa uvimbe uliosambaa wenye kasoro hiyo, uwe wa utumbo au wa kiungo kingine. Hata hivyo, si wote wenye kasoro hiyo wanaopata nafuu.

Basi, kabla ya kuitisha harambee au kuuza shamba, mwulizeni daktari: "Kile kipande cha uvimbe kilichokatwa, kimepimwa kasoro hiyo?" Jibu laweza kuokoa mgonjwa, ama kuokoa shamba la watoto.